Ikoni za Material Symbols: chukua michoro, fonti ichunguze kwanza

Ukijenga tovuti, mapema tu utahitaji mistari mitatu ya menyu, kioo cha kutafutia, bahasha, kufuli na pini ya ramani. Wajenzi wengi huzichukua kwenye Material Symbols, mkusanyiko wa bure wa Google. Michoro yake ni safi, na kwa kazi za kawaida ni nadra kukosa unachotafuta. Ila ikoni hizi zina kwao: kuna mtu aliyezichora, mwaka wake, na kazi aliyoikusudia. Anayejua kwao hakosei mahali pa kuziweka. Kwa hiyo tumeupima mkusanyiko huu ikoni kwa ikoni, kwa kuangalia asili, mchoro wenyewe, na makosa yanayojirudia kwenye kurasa.

Kwanza, bidhaa yenyewe. Google ilifungua ikoni zake kwa umma Oktoba 2014 kwa jina la Material Icons, zikiwa 750. Aprili 2022 ikaleta Material Symbols, ikoni zaidi ya 2,500 ndani ya fonti inayobadilika, kwa mitindo mitatu: Outlined ya kawaida, Rounded yenye ncha za mviringo, na Sharp yenye kona kali. Leseni ni Apache 2.0. Unaweza kuzitumia kwenye kazi ya biashara, kuzibadilisha, na hulazimiki kuitaja Google kwenye ukurasa wako.

Kila ikoni ina vidhibiti vinne. FILL huijaza rangi, 0 ikiwa tupu na 1 ikiwa imejaa. Unene, wght, huenda kutoka 100 hadi 700. GRAD huongeza au kupunguza unene kidogo bila kugusa ukubwa wa ikoni, na faida yake huonekana kwenye skrini ya giza: mistari myeupe juu ya weusi hunenepa machoni, basi shusha GRAD hadi -25 na ikoni itatulia. Cha nne ni opsz, kutoka 20 hadi 48, kinachorekebisha mchoro ufae ukubwa utakaouonyesha. Ikoni ya pikseli 20 iliyoachwa na opsz ya 48 huonekana nyembamba kama uzi. Hiki ndicho kidhibiti kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho hutenganisha ukurasa uliokamilika na ule unaoonekana kama rasimu.

Menyu, au hambaga

Mistari mitatu ya menu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya Xerox Star, kompyuta ya ofisini iliyoingia sokoni 1981. Jina la hambaga lilikuja baadaye sana, na limeifunika asili. Cox alikuwa na pikseli chache mno za kuchezea, kama 16 kwa 16 hivi. Alitaka alama nyepesi kama zile za barabarani, na itakayofanana na kitakachotokea baada ya kubofya, yaani vitu vilivyopangwa kimoja chini ya kingine. Mistari ile mitatu ni picha ya orodha. Wateja watarajiwa walikuwa wakiambiwa kwa utani kwamba ni tundu la hewa la kulipoza dirisha. Star iliuzwa kwa zaidi ya dola 16,000 kwa mashine moja na haikushika soko. Alama ikalala miaka mingi, hadi simu za kugusa zilipobana nafasi na watu wakaikumbuka.

Asili hiyo inakupa kanuni ya matumizi. Weka menu pale tu panapofunguka orodha. Ikifungua fomu ya kuingia, au ukurasa mmoja wa mawasiliano, mchoro umeahidi kitu ambacho hakipo. Na ndani ya Material Symbols kuna ndugu zake watatu wanaochanganywa nayo: sort, yenye mistari mitatu inayofupika kwenda chini, ni ya kupanga; drag_handle, yenye mistari miwili, ni ya kushika kitu na kukiburuta; format_align_justify, yenye mistari mitano, ni ya kunyoosha maandishi pande zote mbili. Kwenye simu ndogo, kwa haraka, zote ni mistari. Kama ukurasa una mbili kati ya hizo karibu karibu, badilisha moja iwe neno.

Hata ikiwa peke yake, tunapendekeza neno Menyu likae pembeni yake. Kwa mtu aliyeanza intaneti mwaka huu, mistari mitatu haina maana yoyote mpaka aibofye. Ikoni yenyewe iwe pikseli 24, lakini eneo la kugusa lisipungue 48 kwa 48. Kosa la kawaida ni kuweka ikoni bila kitufe kinachoizunguka: kidole kinagonga pembeni, hakuna kinachotokea, mtu anadhani tovuti imekwama. Na kama tovuti ina viungo vinne tu, kwenye skrini pana hakuna sababu ya kuvificha. Vionyeshe.

Disketi ya kuhifadhi

Ikoni ya save ni disketi ya inchi 3.5, aina iliyoanzishwa na Sony mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ile iliyoenea zaidi ilibeba megabaiti 1.44, chini ya picha moja ya simu ya leo. Sony ilisitisha kuiuza Japani Machi 2011. Mchoro wa Google umehifadhi mambo ambayo kijana aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kuyajua: kona iliyokatwa, ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia disketi isiingizwe kinyume, na duara la katikati, ambalo ni kitovu cha chuma kilichoshikwa na mota. Kitovu hicho kwenye disketi halisi kipo upande wa nyuma. Aliyechora ametuonyesha mgongo wa kifaa.

Je, iondolewe? Hapana. Alama hii imeshajitenga na kifaa chake, na mamilioni waliojifunzia kompyuta kwenye programu za ofisi wanaisoma bila kufikiri. Lakini ina maana moja tu: kazi niliyoifanya hapa sasa hivi, itunze. Usiitumie kwa makala anayotaka kuisoma baadaye, hiyo ni bookmark. Usiitumie kwa kupakua faili, hiyo ni download. Na kama mfumo wako unahifadhi wenyewe kila baada ya sekunde chache, kitufe cha disketi kinamtia mtu wasiwasi bure. Ondoa kitufe, weka cloud_done na maneno Imehifadhiwa.

Mawimbi na vitone vitatu

Ikoni ya rss_feed, kitone kimoja na tao mbili, ni ya mlisho wa RSS, yaani faili linaloorodhesha makala mpya za tovuti ili programu ya kusomea izichukue. Ilichorwa na Stephen Horlander kwa ajili ya Firefox, iliyotoka Novemba 2004. Desemba 2005 Microsoft ilitangaza kwamba kivinjari chake kitatumia alama hiyohiyo, na Opera ikafuata mwezi Februari 2006. Ni mara chache washindani wa vivinjari wamekubaliana kwa utulivu namna ile, na tunaiheshimu sana alama hii kwa sababu hiyo. Tatizo la leo ni jingine. Google Reader, programu ya kusomea milisho, ilifungwa Julai 2013, wasomaji wapya hawajui mlisho ni nini, na tao zile zinafanana na za wifi. Rangi ya chungwa ndiyo iliyokuwa ikizitofautisha. Material Symbols huja bila rangi, kwa hiyo ukiiacha nyeusi umeipokonya nusu ya utambulisho wake. Ipe chungwa, iandikie Mlisho wa RSS, na kiungo chake kielekee kwenye faili lenyewe la mlisho.

Share, yaani vitone vitatu vilivyounganishwa kwa mistari miwili, ni kazi ya Alex King ya mwaka 2006. Aliitoa kwa leseni huria kadhaa ili kila mtu aitumie, na mwaka uliofuata kampuni ya ShareThis ikainunua. Picha yake inaeleweka vizuri ukiitazama polepole: kitu kilikuwa kwa mmoja, sasa kiko kwa wawili. Watumiaji wa Android wameizoea. Watumiaji wa iPhone wamezoea kisanduku chenye mshale wa kwenda juu, ambacho kwenye mkusanyiko huu kinaitwa ios_share. Usihangaike kutambua simu ya msomaji ili ubadilishe picha. Andika Sambaza kando ya ikoni, na tatizo limekwisha.

Kufuli

Hapa ndipo asili inapofundisha zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilionyesha ufunguo: mzima kama mawasiliano yamesimbwa, uliovunjika kama hayakusimbwa. Baadaye kufuli likachukua nafasi. Tangu mwanzo alama hiyo ilizungumzia njia tu, kwamba kinachopita kati ya kompyuta yako na seva hakisomeki na mtu wa katikati. Watu wakaielewa kuwa ni cheti cha uaminifu wa mwenye tovuti. Google ilipofanya utafiti mwaka 2021, asilimia 11 tu ya washiriki ndio walioielewa maana yake sawasawa. Tapeli naye anapata HTTPS, yaani njia hiyo iliyosimbwa, bure, kwa hiyo kufuli lilikuwa likimpamba. Septemba 2023, Chrome toleo la 117 liliondoa kufuli kwenye upau wa anwani na kuweka ikoni ya tune, vile vitelezi kama vya mashine ya kuchanganyia sauti. Ikoni hiyo imo kwenye mkusanyiko huu, na ukiiweka kwenye ukurasa wako itasomeka kama mipangilio au kichujio, vyote viwili ni sawa.

Kwa hiyo acheni kuweka lock kando ya kitufe cha kulipia kana kwamba inamlinda mteja. Haifanyi hivyo. Itumie kwa kilichofungwa kweli: somo la wanachama, sehemu ya fomu isiyobadilishwa. Na uangalie, lock na lock_open hutofautiana kwa utepe mdogo wa chuma juu ya kufuli tu. Kwenye pikseli 20 tofauti hiyo haionekani kwa mtu mwenye macho ya kawaida akiwa juani. Ipe iliyofungwa FILL 1, iliyofunguliwa FILL 0, na maneno Imefungwa na Imefunguliwa.

Pini ya ramani

Location_on inatokana na pini iliyobuniwa na Jens Eilstrup Rasmussen kwa Google Maps iliyotoka 2005. Jumba la makumbusho la MoMA la New York liliiingiza kwenye mkusanyiko wake 2014. Ubora wake uko kwenye ncha: kichwa kinakaa juu, ncha inagusa mahali penyewe, na ramani ya chini haifunikwi.

Lakini wengi huiweka kwa kitovu cha picha, au kwa kona ya juu kushoto ambayo programu hutumia ukiacha bila kusema. Ukikuza ramani kosa halionekani. Ukipunguza, pikseli zilezile zinakuwa kilomita, na hoteli ya ufukweni inaelea majini. Mahali pa kushikia ni ncha. Kuna undani mmoja zaidi: mchoro wa Google haufiki ukingo wa chini. Kwenye gridi ya 24, ncha iko kwenye 22. Ikoni ya pikseli 48 ncha yake iko pikseli 44 kutoka juu, hivyo mshikio uwe 24 kwa upana na 44 kwa urefu. Ukiweka 48, pini itaning'inia pikseli 4 juu ya mahali pake.

Nyingine kwa kifupi. Keyboard_command_key, ule mraba wenye vitanzi vinne, Susan Kare aliutoa kwenye kitabu cha alama alipokuwa akitengeneza ikoni za Macintosh ya 1984. Huko Uswidi ni alama ya barabarani ya eneo la kihistoria. Uweke tu kwenye maelezo ya vitufe vya Mac. Alternate_email ni ile @ ambayo Ray Tomlinson aliichagua 1971 kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Iweke mbele ya anwani, wala isichukue nafasi ya bahasha kwenye kitufe cha kutuma. Power_settings_new, mstari unaokata duara, inatoka kwenye viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya mambo ya umeme, ambako mstari ni kuwasha na duara ni kuzima. Ni ya kuzima mashine. Kuitumia kwa kitendo cha kutoka kwenye akaunti kunatisha watu bila sababu. Kwa kazi hiyo kuna logout.

Pengo moja: favicon, ikoni ndogo ya kwenye kichupo, haitoki hapa ikiwa tayari. Ilianza na Internet Explorer 5 mwezi Machi 1999, ambayo ilitafuta faili la favicon.ico kwenye mzizi wa tovuti pale mtu alipoweka ukurasa kwenye vipendwa. Wenye tovuti walikuwa wakihesabu maombi hayo kwenye kumbukumbu za seva kujua wangapi wamewapenda. Vivinjari bado huliomba faili hilo vikikosa maelekezo mengine, na ndiyo maana kumbukumbu zako zimejaa makosa ya 404 (faili halikupatikana) ambayo hukuyatarajia. Ukitaka kutumia mchoro wa Material, chagua FILL 1, wght 600 au 700, opsz 20, pakua SVG, yaani faili la mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, kisha tengeneza na faili la ICO la pikseli 32. Wenye wght 400 na mistari mitupu hupotea kabisa kwenye pikseli 16.

Fonti, mahali inapoumiza

Sasa kasoro kubwa. Ikoni hizi huwekwa kwa kuandika neno la Kiingereza ndani ya ukurasa. Unaandika home ndani ya kipengele chenye darasa la material-symbols-outlined, na herufi h, o, m, e zikifuatana, fonti huzibadilisha kuwa mchoro wa nyumba. Ni rahisi, na ni mtego kwa wasomaji wetu hasa. Msomaji akiagiza kivinjari kimtafsirie ukurasa kwa Kiswahili, home laweza kuwa nyumbani na settings likawa mipangilio. Fonti haina mchoro wenye jina hilo. Nyumba inatoweka, na mahali pake linasimama neno lililovimba, limesukuma vitufe vingine hadi mstari wa pili.

Dawa yake ni sifa moja: translate="no" kwenye kila kipengele cha ikoni. Hapohapo ongeza aria-hidden="true", kwa sababu kisoma skrini nacho husoma neno lile kwa sauti. Mtu asiyeona anasikia neno save la Kiingereza halafu Hifadhi la Kiswahili kwa kitufe kimoja. Jina la kitufe liwe kwenye kitufe chenyewe, kwa maandishi au aria-label, kwa Kiswahili.

Shida ya pili ni mtandao wa polepole. Kabla fonti haijafika, maneno matupu huonekana. Omba fonti kwa display=block ili yafichwe kwa muda, na ukipe kipengele upana wa 1em pamoja na overflow: hidden ili neno lisisukume chochote. Ya tatu ni bando la msomaji. Fonti nzima yenye vidhibiti vyote inapita megabaiti moja kwa mbali, na kumtoza mtu data hiyo kwa ikoni sita si haki. Kwenye kiungo cha Google Fonts ongeza icon_names na majina unayoyahitaji tu, yakiwa yamepangwa kwa alfabeti.

Ya nne huwasumbua hata wazoefu. Ukiandika font-variation-settings yenye FILL 1 peke yake kwa ajili ya kitufe kilichochaguliwa, vidhibiti vingine vitatu hurudi kwenye chaguo-msingi, kwa kuwa sifa hii haijumlishi bali inafuta iliyotangulia. Andika vyote vinne kila mara. Na kama kiungo chako hakikuomba FILL, kuibadilisha kwenye CSS, kanuni za mwonekano wa ukurasa, hakutafanya lolote.

Font Awesome, mkusanyiko mwingine wa ikoni, hukwepa mtego wa tafsiri kwa kutumia namba za herufi za Unicode badala ya maneno, na toleo lake la 6 limezipa ikoni majina ya vitu vinavyoonekana: floppy-disk, magnifying-glass, gear. Google huita kwa kazi: save, search, settings. Kwa upande wa majina tunaona Font Awesome wako sahihi zaidi, maana jina linakueleza umeweka picha ya nini. Kwa michoro na vidhibiti, Google wanaongoza.

Kwa tovuti yenye ikoni chini ya thelathini, hukumu yetu ni kuiacha fonti kabisa na kuchukua SVG moja moja kutoka fonts.google.com/icons, kisha kuzibandika ndani ya HTML. Hakuna neno la kutafsiriwa, hakuna fonti ya kusubiri, na ikoni hufika pamoja na ukurasa hata intaneti ikiwa ya kusuasua. Weka fill="currentColor" ili zifuate rangi ya maandishi. Tahadhari iliyobaki ni viewBox, fremu inayosema ni eneo gani la mchoro lionyeshwe: SVG za Material Symbols huja na "0 -960 960 960", wakati za zamani za Material Icons zilikuwa "0 0 24 24". Ukinakili mchoro mpya ndani ya fremu ya zamani, ikoni haitaonekana kabisa, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia kwa nini.